Kipimo shahidi: kupima kipande kwenye programu kabla biti haijagusa chuma

Bamba lilikuwa zuri kwa macho. Alumini ya unene wa milimita 10, kingo zimelainika, matundu manne kwenye kona na tundu kubwa la duara katikati. Kijana ninayefanya naye kazi alilipangusa kwa kitambaa, akachukua mota, akataka kuipachika. Ikagoma. Akaigeuza robo duara, akajaribu tena, akanitazama. "Fundi, hii imekataa." Nikatoa kalipa, kile kifaa cha kupimia sehemu ndogo za milimita. Kutoka kitovu cha tundu moja la bolti hadi kitovu cha tundu la jirani palikuwa na milimita 44.2. Mota yenyewe inataka 47.14.

Faili lilitoka kwa mteja, na mimi ndiye niliyelipitisha. Kabla ya kulipeleka kwenye mashine ya CNC, ile inayochonga kwa biti inayozunguka ikifuata amri za kompyuta, nilitazama upana wa nje tu. Programu ilisema 75. Nikaona 75 ni namba iliyotulia, namba ya mtu aliyekusudia, nikaendelea. Kumbe bamba lilichorwa liwe na upana wa 80. Kila kitu kilikuwa kimesinyaa kwa uwiano uleule, kwa hiyo hakuna kilichoonekana kupotoka. Na alumini ikishakatwa ndogo haivutwi ikawa kubwa. Maji yakimwagika hayazoleki.

Makala haya yanahusu zile dakika 10 ambazo zingeokoa bamba lile. Programu nyingi za usanifu zina kifaa cha kupimia, na wengi wetu tunajua kilipo. Kinachotatiza ni kujua namba inayotokea ina maana gani. Programu hujibu sawasawa swali uliloliuliza kwa kubofya. Sisi ndio tunaouliza swali moja huku tukidhani tumeuliza jingine.

Siku hizi, kabla ya kufungua faili lolote, natafuta kwanza ninachokiita kipimo shahidi. Ni kipimo ambacho kipande hakina uhuru nacho, kwa sababu lazima kikutane na kitu kingine ambacho tayari kipo: beringi, mota, shafti, bomba, bolti. Upana wa nje wa bamba letu haukuwa shahidi. Ungekuwa 75, 80 au 83, na mota isingejali. Umbali kati ya matundu ya bolti ndio uliokuwa shahidi, kwa kuwa mota ilishatengenezwa kiwandani na haibadiliki.

Mota ile ni ya stepa, yaani inayozunguka kwa hatua ndogondogo, saizi inayoitwa NEMA 23. NEMA ni chama cha Marekani cha watengenezaji wa vifaa vya umeme, na 23 inaashiria uso wa takriban inchi 2.3. Ni mota iliyozaliwa katika inchi, ndiyo maana namba zake humshangaza anayefikiri kwa milimita. Kola ya duara iliyochomoza mbele ina kipenyo cha inchi 1 na nusu, yaani milimita 38.1. Bolti zake nne zimekaa juu ya duara la inchi 2.625, yaani milimita 66.675. Ukichora mraba ndani ya duara hilo, kila upande unakuwa milimita 47.14 na kidogo. Basi: 38.1 na 47.14. Ukiwa na namba hizo mbili kwenye karatasi kabla ya kugusa kipanya, faili lenye kasoro linajifichua kwa mibofyo miwili.

Alama za vidole za kosa

Uwiano wa kosa ndio ulionionyesha lilikotoka. 75 kugawanya kwa 80 ni 0.9375, na 0.9375 ni sawasawa na 90 kugawanya kwa 96. Kwa anayetumia Inkscape, programu ya kuchorea michoro ya mistari, hizo ni namba za kawaida kabisa. Matoleo ya zamani ya programu hiyo yalihesabu pikseli 90 katika inchi moja. Toleo la 0.92, lililotoka Januari 2017, lilihamia pikseli 96, ambacho ndicho kipimo kinachofuatwa na vivinjari vya intaneti. Mchoro uliohifadhiwa zamani kwa pikseli, ukifunguliwa na programu inayohesabu 96, unasinyaa kwa asilimia sita na robo. Si kosa dogo la kusahihisha kwa msasa, wala si kosa kubwa la kuonekana kwa macho. Liko katikati pale pabaya.

Kila kosa la aina hii lina alama zake za vidole. Ukipima kipimo shahidi, chukua namba ya skrini uigawanye kwa namba ya kweli. Ukipata 0.9375 au 1.0667, ni ugomvi wa 90 na 96. Ukipata 1.333 au 0.75, ni 96 dhidi ya 72, maana programu nyingi za uchapaji huhesabu pointi 72 katika inchi. Ukipata 25.4 au 0.0394, kitu cha milimita kimesomwa kwa inchi au kinyume chake, na hapo hutahitaji hata kupima: kipande cha ukubwa wa kiganja kinageuka ukubwa wa meza, au kinapotea kwenye skrini kama punje ya mchele. Ukipata 0.1 au 0.001, mtu amechora kwa sentimita au mita. Lakini ukipata namba ya ovyo, tuseme 1.013, basi usiguse kitufe cha kukuza. Huenda mchoro umeskaniwa kutoka kwenye karatasi, au mtu ameuvuta kwa mkono. Rudi kwa aliyeuchora.

Aina ya faili inasema mengi kuhusu hatari unayoibeba. STL, lililobuniwa mwaka 1987 kwa ajili ya mashine za kwanza za kuchapa maumbo, halibebi kizio chochote cha kipimo. Ndani yake kuna namba tupu. 47 ni 47, na kama ni milimita au inchi, programu inayofungua ndiyo inayobuni. DXF, lililozaliwa pamoja na programu ya usanifu ya AutoCAD mwaka 1982, lina mahali pa kuandika kizio, ila mara nyingi pameachwa wazi au hapafuatwi. STEP hubeba kizio chake ndani, na ukiweza kumwomba mteja akutumie STEP badala ya hayo mengine, umeshajipunguzia nusu ya mashaka. Nusu tu. Bado utapima.

Kwa upande wa inchi yenyewe hakuna utata. Tangu makubaliano ya mwaka 1959 kati ya Marekani, Uingereza na nchi nyingine kadhaa zinazotumia inchi, inchi moja ni milimita 25.4 kamili, bila mkia. Anayekupa 25.39 au 25.41 amekosea mahali.

Umebofya nini hasa?

Tuseme ukubwa ni sahihi. Sasa unapima bamba, na hapa ndipo namba za kweli zinapopotosha watu wengi zaidi.

Chukua kona ya nje ya bamba. Kwa kawaida haichorwi kali. Inaviringwa, tuseme kwa nusu kipenyo cha milimita 5. Ukibofya ukingo wa juu ili ujue upana, programu inakupa urefu wa mstari ulionyooka tu, kutoka mahali ambapo mviringo wa kushoto unaishia hadi mahali ambapo wa kulia unaanzia. Kwenye bamba la 80 utasoma 70. Namba ni sahihi. Ni urefu wa ukingo, na wewe ulitaka upana wa bamba. Upana hupimwa uso kwa uso: bofya uso wa kushoto, kisha uso wa kulia, upate umbali kati yao. Kanuni yangu ni kwamba panapowezekana nabofya nyuso, naziepuka kona na ncha, kwa sababu kona ndizo zinazoviringwa, zinazokatwa mshazari, na zinazobadilika mtu akihariri mchoro.

Kwa matundu, bofya duara zima na uache programu ijitafutie kitovu. Ukinasa kwa bahati mbaya pointi iliyo kwenye mzingo badala ya kitovu, utapata umbali uliopungua au kuzidi kwa nusu kipenyo, na kwa tundu la 5.5 hiyo ni 2.75, namba inayotosha kukuharibia kazi na isiyotosha kukushtua. FreeCAD, programu ya usanifu ya bure, ilipotoa toleo la 1.0 mwishoni mwa 2024, vifaa vyake vya kupimia vilivyokuwa vimetawanyika viliunganishwa kuwa kimoja, na kazi hii ikawa nyepesi. Kwenye Fusion, programu nyingine ya usanifu, ukibonyeza herufi I kifaa kinafunguka. Vyovyote utakavyotumia, soma jina la kitu ulichobofya kabla ya kusoma namba. Kama programu inakuambia "ncha" na wewe ulitaka "duara", futa uanze tena.

Halafu kuna umbali wa mshazari. Pointi mbili zilizo kwenye nyuso za vimo tofauti, ukizibofya, zinakupa mstari unaopaa hewani kati yao. Karibu kila programu huonyesha pembeni mgawanyo wake kwa X, Y na Z. Hizo tatu ndizo za kutazama, kwa sababu mashine yako inatembea kwa X, Y na Z, haijui mshazari. Kosa hili huwapata hasa wanaopima wakiwa wamegeuza umbo kwenye skrini ili lionekane vizuri: jicho linaona pointi mbili ziko sambamba, kumbe moja iko sentimita 2 chini. Kabla ya kupima kitu kilicho kwenye bapa, geuza mtazamo utazame kutoka juu kabisa, na uzime ule mtazamo wa kina unaofanya vilivyo mbali vionekane vidogo.

Wanaochora kwa Inkscape wana mtego wao. Programu hiyo kwa kawaida huhesabu unene wa mstari kuwa sehemu ya umbo. Mraba wa 80 uliochorwa kwa mstari wa milimita 1 unasomeka 81, kwa sababu nusu ya unene wa mstari iko nje kila upande. Mashine itafuata katikati ya mstari na itakata 80. Fundi akiona 81 akausinyaza mchoro hadi usomeke 80, ameharibu kitu kilichokuwa kizima. Dawa yake iko kwenye mapendeleo ya programu: chagua mipaka ya kijiometria badala ya ile ya kuonekana.

Kwa bamba la mota, upimaji wote unakwenda hivi. Nabofya tundu la kwanza na la pili: 47.14. La pili na la tatu: 47.14. La tatu na la nne, la nne na la kwanza, vilevile. Kisha kona kwa kona: 66.67, na kona nyingine kwa kona: 66.67. Hiki cha mwisho ndicho ninachokipenda kuliko vyote. Seremala akitaka kujua kama fremu ya mlango imekaa sawa hupima kona kwa kona, kwa sababu fremu inaweza kuwa na pande sahihi zote nne na bado ikawa imelala upande. Matundu nayo yanaweza kufanya hivyohivyo. Mwisho nabofya tundu la katikati na kupima kutoka kitovu chake hadi kila tundu la bolti. Zikitoka 33.34 zote nne, najua kola na bolti zina kitovu kimoja. Mibofyo kama 20, muda wa kunywa nusu kikombe cha chai.

Tarakimu zilizofichwa na duara lisilo duara

Skrini huzungusha namba. FreeCAD ukiipokea tu inaonyesha tarakimu mbili baada ya nukta, na wapo wanaoipunguza iwe moja ili mchoro uonekane msafi. Kwa fremu ya meza hiyo haina neno. Kwa kiti cha beringi ni hatari.

Chukua beringi ya 6204, ambayo utaikuta kwenye mashine na mota nyingi za kawaida: tundu la ndani milimita 20, kipenyo cha nje 47, upana 14. Kiti chake, kikichongwa kwa kiwango cha H7, kinaruhusiwa kuwa kati ya 47.000 na 47.025. Hiyo ni mikroni 25, chini ya nusu ya unene wa unywele. Skrini yenye tarakimu moja ikikuambia 47.0, kipimo halisi kinaweza kuwa popote kati ya 46.95 na 47.05. Upande mmoja beringi haiingii bila nyundo, upande mwingine inapwaya na kuzunguka ndani ya kiti chake hadi inakila. Weka tarakimu tatu kwenye mapendeleo kabla ya kupima kitu chochote kinachobeba beringi. Ikitokea 46.998 au 47.013, jiulize ilitoka wapi. Mtu anayechora kwa kuandika namba hupata namba kamili. Mkia wa ajabu ni dalili kwamba umbo lilivutwa kwa kipanya, au limepita kwenye ubadilishaji wa inchi njiani.

Kubaya zaidi ni duara ambalo si duara. STL haijui mviringo. Inajua pembetatu tu. Kila tundu ndani yake ni umbo la pembe nyingi lililofanana na duara, na mtu aliyelihifadhi ndiye aliyeamua pembe ziwe ngapi. OpenSCAD, programu ya kuchora kwa kuandika amri, nayo hufanya hivyo tangu mwanzo. Kona za umbo hilo hukaa juu ya duara la kweli, na pande zake hukatiza ndani. Tundu la 47 lenye pembe 24, ukilipima kona kwa kona, linasoma 47 kamili na unafurahi. Lipime upande kwa upande: 46.6. Beringi haitapita. Hata ukiongeza pembe zikafika 100, upande kwa upande unapata 46.977, na bado hujafika kwenye H7.

Kujua ni rahisi. Bofya mzingo wa tundu. Programu ikikupa kipenyo, hilo ni duara. Ikikupa urefu wa kijistari kifupi, unatazama pembe nyingi zilizovaa nguo za duara, na mashine itazifuata zote moja baada ya nyingine. Mimi tundu la namna hiyo silichongi. Nalichora upya juu yake kwa duara halisi lenye kipenyo ninachokiandika mwenyewe.

Kitu chenyewe, biti yenyewe

Hadi hapa tumekuwa ndani ya skrini. Kipande hata hivyo kinatoka kwenye malighafi fulani, kwa biti fulani, na hivyo viwili havijasoma mchoro wako.

Malighafi kwanza, kwa ufupi, maana kila seremala amekwisha kuumizwa nayo: plaiwudi inayouzwa kwa jina la 18 ni nadra kuwa 18. Pima kwa kalipa pande zote nne za bao lililo mbele yako, kisha uandike namba hiyo kwenye programu kama kigezo chenye jina, tuseme "unene", na kila mfereji wa kuunganishia uchukue upana wake kutoka kwenye kigezo hicho. Bao likibadilika unabadilisha namba moja.

Biti inahitaji maelezo marefu kidogo. Biti ya robo inchi ina kipenyo cha 6.35. Biti ya milimita 6 ina 6. Zikiwa kwenye droo moja, kwa macho hazitofautiani, na tofauti yake ni 0.35. Programu huhesabu njia ya kitovu cha biti kwa kusogea nusu kipenyo kutoka kwenye ukingo. Ukiiambia 6 na ukafunga 6.35, bamba la 80 linatoka 79.65, na tundu la 38.1 linatoka 38.45. Nje inapungua, ndani inaongezeka. Hiyo pia ni alama ya vidole: vipimo vya nje vikipungua na vya ndani vikiongezeka kwa kiasi kilekile, usiulaumu mchoro. Pima biti. Na biti iliyonolewa upya haina tena kipenyo ilichoandikwa shingoni.

Kona za ndani nazo zipimwe kwa kuifikiria biti. Biti ya 6 haiwezi kuchonga kona ya ndani iliyo kali. Inaacha mviringo wa nusu kipenyo cha 3. Kwenye skrini unaona mraba safi na kipande cha mbao chenye kona kali kinaingia bila shida. Mezani kinakataa kwa sababu kila kona ina nyama ya milimita 1.24 ukipima kwa mshazari kutoka kona iliyochorwa hadi kwenye mviringo uliobaki. Kwa hiyo uliza programu nusu kipenyo cha kona ndogo kuliko zote za ndani, na upana wa mfereji mwembamba kuliko yote. Biti yako lazima ipite kwenye huo mfereji, na kona iwe na nusu kipenyo kinacholingana na cha biti au kukizidi. Kama kona lazima ipokee kitu chenye pembe kali, ichimbe kidogo kupita pembe yenyewe, lile tobo dogo la duara kwenye kona ambalo umeliona kwenye samani nyingi za plaiwudi zilizochongwa kwa CNC. Pima pia kina cha kila shimo ukilinganishe na urefu wa meno ya biti. Kina kikizidi meno, shingo ya biti inasugua ukuta, na utaisikia kabla hujaiona.

Upande wa bolti kuna swali ambalo kifaa cha kupimia hakiwezi kukujibia. Tundu lililochorwa kwa kipenyo cha 5 chini ya jina M5, yaani bolti ya milimita 5, lina maana gani? Kama bolti itapita huru, tundu linatakiwa 5.5, na hapo unapata robo milimita ya kuhemea kila upande. Kama nyuzi zitakatwa ndani ya bamba, keekee inatakiwa 4.2. Tundu la 5 halifai kwa lolote kati ya hayo: bolti haipiti kwa uhuru na nyuzi hazishiki. Ukikuta 5 kamili kwenye mchoro wa mtu, mpigie simu. Nimekwisha kupiga simu hizo mara nyingi na sijawahi kujuta.

Kwa kola ya mota, kipimo cha mchoro na kipimo cha kitu havitakiwi kulingana. Kola yetu ilisoma 38.08 kwa kalipa. Tundu la 38.08 lingekuwa vita. Tulichora 38.2, kola iingie kwa mkono na bado isicheze sana, na bolti ndizo zinazokaza. Nafasi hiyo lazima iamuliwe na mtu, iandikwe, na ndipo ipimwe kwenye programu kama ipo.

Joto pia ni kipimo. Tangu mwaka 1931 dunia imekubaliana kwamba vipimo vya viwandani husomwa kwa nyuzi 20 za Selsiasi, na kiwango cha kwanza kabisa kutolewa na shirika la ISO, mwaka 1951, kilihusu jambo hilihili. Karakana ya Dar es Salaam mchana wa Februari ina nyuzi 32. Bamba la alumini la milimita 300 linakuwa limetanuka kwa takriban 0.08. Kalipa ya chuma nayo imetanuka, karibu nusu ya hapo, kwa hiyo tofauti utakayoisoma ni kama 0.04. Kwa bamba la mota sahau. Kwa viti viwili vya beringi vilivyo mbali, ambavyo shafti moja ya chuma itapita, usisahau. Na usipime kipande kilichotoka tu kwenye mashine kikiwa bado cha moto mkononi.

Kupima njia

Kipimo cha mwisho ndicho kinachorukwa na wengi, nami nilikiruka. Umepima mchoro, lakini mashine haitasoma mchoro. Itasoma faili la amri, mistari ya herufi na namba, na kati ya mchoro na amri kuna maamuzi yako kadhaa: biti gani, ipite ndani au nje ya mstari, sifuri iko wapi, kina kinaanzia juu ya malighafi au kwenye mbao ya chini.

Fungua faili hilo kwa programu ya kawaida ya maandishi. Mistari ya mwanzo itafute G21 au G20. G21 ni milimita, G20 ni inchi. Isipokuwepo hata moja, mashine inaweza kutumia ilichokuwa ikitumia mara ya mwisho, na hujui nani aliitumia jana. Kisha tafuta X ndogo na X kubwa kuliko zote, na vivyo hivyo Y na Z. Programu nyingi za kuendeshea CNC hukuonyesha mipaka hiyo yenyewe ukishapakia faili. Bamba la 80 likiwa na sifuri kwenye kona ya chini kushoto, na biti ya 6 ikizunguka nje, kitovu cha biti kinatakiwa kutembea kutoka −3 hadi 83, ukiondoa kijia cha kuingilia. Ukikuta 3 hadi 77, biti inapita ndani ya mstari na bamba litatoka 68. Ukikuta 0 hadi 80, inapita juu ya mstari wenyewe. Kwa Z, bamba la 10 lenye sifuri juu linatakiwa kwenda −10 na nukta kidogo, kama −10.3, ili likatike kabisa. Ukiona Z inakwenda chini hadi −12 wakati ubao wa kafara, ule unaowekwa chini yake ili ukatwe badala ya meza, haufiki unene wa milimita 2, unachimba meza. Linganisha pia mipaka hiyo na mahali ulipofunga vibanio au jiriwa, kwa sababu hivyo havimo kwenye faili lolote.

Bamba la pili tulilikata wiki hiyohiyo. Nilimwachia kijana kipanya, mimi nikashika karatasi yenye 38.1 na 47.14. Alipima matundu manne, akapima kona kwa kona mara mbili, akafungua faili la amri na kunisomea kwa sauti: G21, X kutoka −3 hadi 83, Y vilevile, Z −10.3. Biti aliipima kwa kalipa bila kuambiwa. Mashine ilipozima tuliliacha bamba lipoe kwenye kaunta, kisha akachukua mota. Kola iliingia kwa kusukumwa na kidole gumba, na bolti nne zikashika nyuzi zote kwa vidole kabla ya kuitafuta spana.